Shockwave au TAC-14? Kwanza tuzungumzie kitako

*"Mwalimu, habari za kazi. Tunaishi Fort Worth, Texas, nyumba ya kupanga. Tuna watoto wawili, mmoja ana miaka tisa, mwingine minne. Mume wangu ni dereva wa lori, anaweza kukaa barabarani siku tano au sita mfululizo. Mwezi uliopita jirani alivunjiwa mlango saa nane usiku, na tangu siku hiyo silali vizuri. Mume wangu anataka kuninunulia shotigani fupi ya pampu. Amependa Mossberg Shockwave, lakini rafiki yake anamwambia alumini ile haiaminiki, bora Remington TAC-14 ambayo ni chuma kitupu. Wanasema kwa mwanamke fupi ndiyo rahisi, huhitaji kulenga, na mwizi akisikia inakokiwa tu anakimbia. Mimi ni mdogo wa mwili, natumia mkono wa kushoto, na sijawahi kushika bunduki. Sote wawili tuna kadi ya kijani. Yeye anasema akipata safari ndefu ataibeba kwenye lori. Tununue ipi?"*

Pole, dada, kwa usingizi uliokupotea. Mlango wa jirani ukishavunjwa, kila kinacholia usiku kinageuka hatua za mtu, na hilo si woga wa kitoto. Nitazilinganisha chapa hizo mbili kwa kina, maana tofauti zake ni za kweli. Lakini nakwambia mapema ninachoamini: kwa mwili wako, kwa nyumba yako na kwa hao watoto wawili, nisingekushauri ununue hata moja kati ya hizo. Zote mbili hazina kitako, na pengo hilo ni kubwa kuliko tofauti ya majina yaliyochongwa ubavuni.

Kwanza ujue kwa nini zikaundwa hivyo. Sheria ya silaha ya serikali kuu ya Marekani ya mwaka 1934 inaibana shotigani yoyote yenye mtutu chini ya inchi 18, au urefu wote chini ya inchi 26: lazima isajiliwe kwa ATF, idara inayosimamia silaha, na upate kibali kabla ya kuimiliki. Sheria hiyohiyo inaitafsiri shotigani kuwa ni silaha iliyoundwa ipigwe kutoka begani. Watengenezaji wakaliona pengo. Bunduki ikitoka kiwandani bila kitako, ikawa na mpini mfupi uliopinda tu, na urefu wake ukapita inchi 26, basi kisheria si shotigani. Ni "silaha" tu, na haihitaji usajili ule. Ndipo mwaka 2017 zikaingia sokoni kwa kishindo, Shockwave na TAC-14 zikifuatana. Shockwave ina mtutu wa inchi 14 na kidogo na urefu wa inchi 26.37. TAC-14 ina mtutu wa inchi 14 na urefu wa inchi 26.3. Tazama jinsi zilivyoupita mstari kwa unywele. Aliyezichora alikuwa na futi ya sheria mkononi. Starehe ya mpigaji haikuwa kipimo chake.

Kwa hiyo mwambie mume wako jambo hili kabla hajaagiza kifaa chochote mtandaoni: akiifungia kitako cha begani, au akiubadilisha mpini ule kwa mfupi zaidi urefu ukashuka chini ya inchi 26, ameingia kwenye silaha inayotakiwa kusajiliwa, na adhabu ya kuwa nayo bila usajili inafika kifungo cha miaka 10. Kuanzia tarehe 1 Januari 2026 ile kodi ya dola 200 imefutwa kwa shotigani fupi, na wengi wamedhani kila kitu kimefutwa. Sivyo. Usajili na kibali bado vipo palepale.

Sasa hiyo hoja ya alumini. Rafiki wa mume wako ana nusu ya ukweli. Ni kweli kwamba mwili wa Mossberg umetengenezwa kwa alumini na wa Remington umechongwa kutoka kipande kimoja cha chuma. Ila uliza mgandamizo wa baruti unabebwa na nini. Risasi inapolipuka, boliti, yaani kile kipande kinachoziba nyuma ya risasi, inakuwa imejifunga kwenye mkia wa mtutu, chuma kwa chuma, na hivyo ndivyo ilivyo kwa zote mbili. Ule mwili wa nje kazi yake ni kushikilia sehemu na kuziongoza. Alumini ya Mossberg haizuii mlipuko, kwa hiyo haiwezi "kupasuka" kwa namna anayoiogopa. Aina ya 590A1 ya kampuni hiyohiyo inatumika katika jeshi la Marekani, na mwili wake pia ni wa alumini. Faida ya chuma ni uzito unaopunguza teke kidogo, na mvutano laini wa pampu ambao Remington 870 nzuri, ile ambayo TAC-14 imetokana nayo, inajulikana nao tangu ilipotoka mwaka 1950. Hasara ya chuma ni kutu, na ukiishi sehemu zenye unyevunyevu utaiona mapema.

Tofauti zinazonigusa mimi kama mkufunzi ziko kwingine. Ya kwanza ni swichi ya usalama. Ya Remington ni kitufe kinachosukumwa kwa ubavu nyuma ya kifyatulio, nacho kimepangwa kwa mtu wa mkono wa kulia. Wewe wa kushoto utalazimika kukibadilishia vidole gizani, tena ukiwa na hofu. Ya Mossberg iko juu ya mgongo wa bunduki, chini ya dole gumba, na haijali mkono upi. Ukisukuma mbele unaona nukta nyekundu. Kwako wewe hapo Mossberg imeshinda bila ubishi.

Ya pili ni upakiaji. Ndani ya bunduki hizi kuna kibamba kinachoinua risasi kutoka kwenye bomba la chini hadi usawa wa chemba, yaani pale nyuma ya mtutu risasi inapokaa tayari kupigwa. Kwenye Mossberg, boliti ikiwa imefungwa, kibamba hicho kinakaa juu na njia iko wazi. Unaingiza risasi kwa kidole tu. Kwenye Remington kinakaa chini, nawe lazima ukisukume kila unapopakia, na mgeni huminywa dole gumba. Mossberg pia ina kucha mbili za kuvuta ganda lililotumika, Remington ina moja. Upande wa pili, nikiwa fundi, napenda jinsi vizuizi vya risasi na kisukuma ganda vya Remington vilivyokazwa ndani ya mwili. Vya Mossberg vinaweza kukudondokea mezani unaposafisha, lakini pia vikichakaa ni rahisi kuvibadilisha. Idadi ya risasi: Shockwave ya geji 12 (geji ni kipimo cha upana wa mtutu, namba ikiwa ndogo mtutu ni mpana zaidi) inabeba tano bombani na moja chembani, TAC-14 nne na moja.

Ya tatu ni kampuni zenyewe. Mossberg ilianzishwa mwaka 1919 na Oscar Mossberg, mhamiaji kutoka Sweden, na hadi leo ni mali ya ukoo. Bunduki zake nyingi zinaundwa Eagle Pass, huko huko Texas. Tena kuna jambo la kushangaza: Shockwave ilipotoka, Watexas wenyewe hawakuruhusiwa kuinunua mpaka sheria ya jimbo ilipobadilishwa kuanzia tarehe 1 Septemba 2017. Remington ni ya tangu 1816, lakini imepita kwenye moto. Ilifilisika mwaka 2018, ikafilisika tena 2020, ikagawanywa na kuuzwa vipande vipande, na kiwanda chake cha kale cha Ilion, New York, kikafungwa Machi 2024 kazi ikihamia Georgia. 870 za bei nafuu za miaka kabla ya kufilisika zililalamikiwa sana: chemba zenye mikwaruzo, maganda yanayonata. Ndiyo maana kwa Remington sinunui jina. Naikagua bunduki moja moja, na ikiwa ni ya mkono wa pili naitaka ipigwe kwanza mbele yangu.

Basi ungenibana nichague kati ya hizo mbili, ningekupa Mossberg. Lakini hebu turudi kwenye kitako.

Risasi ya geji 12 inapotoka, bunduki inarudi nyuma kwa nguvu ileile iliyosukuma mbele marisau, yaani zile gololi za risasi zilizomo ndani yake. Kadiri bunduki inavyokuwa nyepesi ndivyo inavyorudi kwa kasi zaidi. Shotigani ya kawaida ina kilo tatu na zaidi. Shockwave ina kama kilo 2.4. Yenye kitako inarudi begani, na mwili wako wote unaipokea. Isiyo na kitako inarudi kwenye viganja na viwiko viwili tu. Ukitaka kuilenga sawasawa inabidi uiinue hadi karibu na uso, mkono wa mbele ukisukuma na wa nyuma ukivuta kwa wakati mmoja. Mikono ikilegea, bunduki inaweza kukupiga mdomoni au kuruka kabisa. Ukiishusha kiunoni kama wanavyofanya kwenye sinema, hujui tena marisau yanaelekea wapi. Kuna watu wanaozimudu vizuri sana, wanaume kwa wanawake, baada ya mazoezi mengi. Kwa anayeanza, fupi isiyo na kitako ni shotigani ngumu kuliko zote dukani, na maneno ya "kwa mwanamke fupi ndiyo rahisi" yamewafanya dada wengi wapige mara moja, waumie, wasirudi tena uwanjani. Anayemiliki bunduki anayoiogopa hana ulinzi.

Kuna hatari nyingine ya ufupi ambayo wauzaji hawaitaji. Mkono wako wa mbele unakaa sentimita chache tu kutoka mdomo wa mtutu, nao unasukumwa mbele kwa nguvu kila unapokoki. Mkanda ule kwenye kishikio cha Shockwave haukuwekwa kwa urembo. Upo kuzuia vidole visiteleze vikaenda mbele ya mtutu.

Na hilo la kutolenga, naomba ulisahau kabisa. Kwa mtutu wa namna hii marisau hutawanyika takriban inchi moja kwa kila yadi, na risasi nyingi za kisasa ni pungufu ya hapo. Toka mlango wa chumba chako hadi mwisho wa korido ni mita nne au tano. Kwa umbali huo marisau yote yanaingia kwenye eneo la upana wa kiganja. Usipolenga umekosa, na yaliyokosa hayapotei hewani. Hapa ndipo ninapotaka utulie nami kidogo, kwa sababu wengi wetu tumekulia kwenye kuta za tofali, na mwili wetu unaamini kwamba ukuta ni ukuta. Nyumba yako ya Fort Worth kwa ndani ni fremu ya mbao iliyovikwa jipsamu ya nusu inchi kila upande. Risasi ya marisau makubwa ya geji 12 hubeba nane au tisa, kila moja na kipenyo cha milimita 8 na ushee, na yanapenya kuta za aina hiyo kadhaa yakiwa bado na uwezo wa kuua. Usiku huu, kabla ya kununua chochote, simama mlangoni pako na ujiulize vitanda vya watoto viko upande gani. Kama viko nyuma ya mahali mvamizi angesimama, kwa upande huo hakuna risasi salama, iwe chapa gani.

Kuhusu mlio wa kukoki: mara nyingine humfukuza mtu, mara nyingine humwonyesha ulipo. Usitegemee sauti ifanye kazi ambayo hujajiandaa kuimaliza. Na wakati wa hofu watu huvuta pampu nusu njia. Ganda halitoki, jipya halipandi, bunduki imekwama mkononi. Kuvuta mpaka mwisho na kusukuma mpaka mwisho hakuji kwa chapa. Kunakuja kwa mazoezi.

Ningependelea nini, basi? Shotigani ya pampu ya geji 20, mtutu wa inchi 18 au zaidi kidogo, yenye kitako kifupi. Mossberg wanayo aina yao ya 500 kwa vijana na watu wadogo wa umbo, ziitwazo Bantam, ambazo kitako chake kinapunguzwa hadi kifike vizuri kwenye bega lako, na swichi ya usalama iko palepale juu inapokufaa. Teke lake linavumilika, unalenga kwa jicho na shavu, na sheria haikuwekei mitego. Unachopoteza ni kama sentimita 30 za ufupi. Wanaotetea ufupi husema ndefu inakwama kwenye kona za nyumba, nami nawaelewa. Ila wewe huna sababu ya kuzunguka nyumba gizani ukimsaka mtu. Kazi yako ni kuwakusanya watoto kwenye chumba kimoja, kufunga mlango, kupiga 911 na kusubiri. Mtu anayesubiri nyuma ya kitanda hahitaji bunduki ya kuzungushia kona. Usipoliweza neno la Kiingereza kwa hofu, taja "Swahili". Vituo vingi vina wakalimani kwa simu.

Mtu atawatajia Kel-Tec KSG, ambayo ina kitako na bado ina urefu wa inchi 26.1 tu, kwa sababu mitambo yake imerudishwa nyuma ya kifyatulio. Kisheria ni shotigani halali yenye mtutu wa inchi 18.5, nayo inabeba risasi 14 kwenye mabomba mawili. Inatupa maganda chini, jambo zuri kwa wa kushoto. Lakini ina swichi ya kuchagua bomba, haisamehi pampu ya nusu njia, na mkono wa mbele unarudi kuwa karibu na mdomo wa mtutu. Kwa bunduki ya kwanza, hapana.

Lori ni suala zito, na hapa nitakuwa mkali. Silaha inayokubalika Texas inaweza kuwa kosa kubwa jimbo jingine. California, kwa mfano, inaihesabu Shockwave kuwa shotigani fupi iliyokatazwa. ATF pia imeeleza kwamba silaha ya aina hii ikifichwa mwilini, kwa mfano chini ya koti, inaweza kuhesabiwa katika kundi lingine linalohitaji usajili. Dereva anavuka majimbo manne kwa wiki, na kampuni nyingi za malori zina kanuni zake juu ya silaha. Tena, bunduki iliyo kwenye lori haiko nyumbani, na wewe ndiye uliyekosa usingizi. Akili zenu ziwe kwenye bunduki moja ya nyumba, ikae nyumbani.

Kadi ya kijani inawaruhusu kununua, mkiwa na kitambulisho chenye anwani ya Texas. Ajuaye Mswahili mwenye viza ya muda, ya masomo kwa mfano, amwonye kwamba kwa kawaida sheria ya serikali kuu inamkataza hata kuishika, isipokuwa kwa vighairi vichache. Dukani mtajaza fomu iitwayo 4473. Soma kila swali. Inauliza kuhusu bangi, na jibu linafuata sheria ya serikali kuu hata kama jimbo fulani limeiruhusu. Kudanganya kwenye fomu hiyo ni kosa la jinai, na kwa mhamiaji kosa la jinai linaweza kugusa ukaazi wenyewe. Ukiwa na shaka hata moja, nenda kwa mwanasheria wa uhamiaji kabla ya kwenda dukani. Shockwave na TAC-14, kwa kuwa kisheria si shotigani, muuzaji hawezi kumuuzia aliye chini ya miaka 21. Na kama bunduki ni yako, nenda ununue wewe, kwa jina lako, ukiishika kwa mikono yako.

Watoto. Swichi ya usalama kwenye pampu hizi inazuia kifyatulio tu. Bunduki iliyo na risasi chembani ikianguka vibaya inaweza kulipuka. Kwa hiyo chemba iwe tupu siku zote, risasi zikae bombani, na bunduki ndani ya sefu inayofunguka haraka kwa namba, iliyofungwa kwa bolti ukutani au sakafuni. Juu ya kabati si mahali. Mtoto wa miaka tisa anapanda kabati. Texas inamwadhibu mtu anayeiacha bunduki yenye risasi bila kuifungia, aliye chini ya miaka 17 akaifikia. Na naomba unielewe kwa upendo: zaidi ya nusu ya vifo vya bunduki Marekani ni watu waliojiua wenyewe. Akiwepo ndani ya nyumba mtu aliyezama kwenye huzuni, iwe ni wewe, mume wako au ndugu mgeni, bunduki isiingie, au itoke kwanza.

Wakati mnafikiria, kuna kazi ya Jumamosi moja. Muombe mwenye nyumba ruhusa, fungua bamba la chuma kwenye fremu ya mlango pale kitasa kinapoingia. Huenda ukakuta skrubu fupi zilizoshika ubao mwembamba wa fremu tu. Weka za inchi tatu zifike kwenye mbao za ukuta. Milango mingi ya huku huvunjika pale kwa teke moja, na huku hatuna nondo za madirisha kama nyumbani. Ongeza taa ya nje inayowaka mtu akipita. Fanya hata kama bunduki utanunua.

Kisha usinunue kwa kuniamini mimi. Tafuta uwanja wa shabaha unaokodisha bunduki, ukiwa na mkufunzi aliyeidhinishwa, ukiomba anayefundisha wanaoanza. Wengine wana siku maalumu za akina mama. Kodi Bantam ya geji 20, kisha ikodi na hiyo Shockwave ya mume wako, naye awepo. Pigeni risasi tano tano kwa kila moja, umbali wa mita tano, mkilenga karatasi. Mkufunzi atazame jinsi kitako kinavyokaa begani mwako na kama kinahitaji kukatwa. Rudini nyumbani na zile karatasi, muamue pamoja.